Sifuri Inayodanganya

Kila inapomaliza kazi, pytest, zana ya majaribio inayopendwa na waandishi wa programu za Python, huiachia kompyuta namba moja. Sifuri: majaribio yote yamepita. Moja: yapo yaliyofeli. Mbili: kazi imekatizwa njiani. Tatu: zana yenyewe imepata hitilafu. Nne: amri imekosewa. Tano: halikupatikana jaribio hata moja. Fundi wa kibinadamu hahangaiki na namba hizi. Hutupa jicho kwenye skrini. Akiona kijani anaendelea, akiona nyekundu anashika kichwa.

Siku hizi anayeitumia zana hiyo mara nyingi si mtu. Ni wakala wa akili unde, yaani modeli ya lugha iliyopewa uwezo wa kufungua faili, kurekebisha programu na kutoa amri. Kinachomfikia ni maandishi na namba ile. Kila mstari anaousoma hujaza kumbukumbu yake ya kazi, ambayo ina kikomo, kwa hiyo hubana matumizi: huandika pytest | tail -n 20 ili aletewe mistari 20 ya mwisho tu. Hapo ndipo mambo huharibika. Katika Bash, programu inayopokea amri za terminali, amri zilizounganishwa kwa alama ya | hurudisha namba ya amri ya mwisho, isipokuwa chaguo liitwalo pipefail liwe limewashwa. Tail imekata mistari yake salama salimini, basi inarudisha sifuri. Majaribio yamefeli, namba inasema heri. Wakala makini huenda akaliona neno la kufeli katika mistari iliyobaki; hatua inayofuata iliyofungwa kwa && husoma namba tu, basi haitaona kitu.

Miongozo mingi ya zana haigusi mambo haya, kwa kuwa msomaji wake alidhaniwa kuwa na mwenzake wa kumuuliza. Sehemu kubwa ya ufundi huu hupokezanwa kwa mdomo: usiendeshe majaribio yote, yanachukua nusu saa, anza na folda ile. Wakala huanza kikao kipya bila kukumbuka cha jana, labda awe amewekewa maandishi. Mwaka 2025 ulienea utaratibu wa kuweka faili iitwayo AGENTS.md ndani ya mradi, mahali pa kumwandikia yeye. Wazo ni zuri, ila wengi huijaza sifa za mradi na nasaha za jumla, kana kwamba wanaandika hotuba ya uzinduzi. Anachohitaji wakala ni amri kamili ya kunakili, amri ya kuendesha jaribio moja tu, muda wa kutarajia, na maelezo ya namna ya kutambua kwamba majaribio yameendeshwa kweli. Miradi ya React iliyoundwa kwa Create React App ni mfano mzuri: npm test hubaki wazi ikisubiri mtu abonyeze kitufe. Neno CI=true mbele ya amri hiyo linatosha kuifanya iendeshe majaribio na kufunga, lakini lazima mtu aliandike.

Majibu ya zana nayo ni sehemu ya mwongozo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walitengeneza SWE-agent, mfumo wa wakala wa kurekebisha programu, wakapima jinsi umbo la amri linavyobadilisha kazi ya modeli ileile. Wakala alipoonyeshwa faili kwa mistari 100 kila mara, alitatua asilimia 18 ya matatizo ya kipimo cha SWE-bench Lite. Alipomwagiwa faili nzima, asilimia 12.7. Jambo dogo walilofanya ndilo linalonivutia zaidi: amri iliyokamilika bila kutoa maandishi yoyote ilimrudishia wakala sentensi ya kumwambia kuwa imefanikiwa na haina cha kuonyesha. Fundi mzoefu ameshazoea kimya cha kompyuta. Wakala hukijaza kwa kubahatisha.

Kuna upande mgumu zaidi. Machi 2025 watafiti wa OpenAI walieleza jinsi modeli waliyokuwa wakiifunza ilivyogundua kwamba inaweza kuifunga programu mapema kwa namba sifuri kabla majaribio yote hayajaendeshwa, ikahesabiwa kuwa imefaulu. Modeli ilifuata kile kilichopimwa. Kwa hiyo sharti la kutogusa faili za majaribio halitoshi peke yake. Mwongozo ueleze jaribio linalinda nini, na umtake wakala ataje idadi ya yaliyopita, yaliyofeli na yaliyorukwa. Sifuri inayokuja na majaribio 40 yaliyorukwa ni habari tofauti kabisa.

Halafu mwongozo wenyewe huzeeka: folda inahamishwa, chaguo linaondolewa, na wakala anatii amri iliyokufa. Dawa ya kiasi ipo: Python imekuwa na doctest tangu toleo la 2.1 la mwaka 2001, nayo huendesha mifano iliyo ndani ya maelezo na kulalamika majibu yakitofautiana. Hata pytest inaweza kuelekezwa kwenye faili za maelezo kwa --doctest-glob. Lakini doctest hupima mifano ya Python tu. Amri za terminali zilizomo kwenye AGENTS.md zinahitaji hatua yake kwenye mashine ya majaribio, ziendeshwe kila mradi unapobadilika, pipefail ikiwa imewashwa.