Mwendo wa Punda wa Mizigo na Mapumziko Yake

Wenye punda katika nchi ya Ugogo wajua ya kuwa mnyama huyu haonyeshi upesi kwamba amechoka. Huendelea kwenda hata nguvu zimemwishia, kisha hulala chini na mzigo wake. Kwa hiyo mapumziko yapangwe kabla ya safari.

Misafara ya karne ya 19 iliijua kanuni hii. Baina ya Chunyo, karibu na Mpwapwa, na vijiji vya magharibi palikuwa na nyika isiyo maji, iitwayo Marenga Mkali. Misafara ilipumzika kwanza na kujaza maji, ikaondoka baada ya adhuhuri, ikalala njiani, ikaondoka tena mapema asubuhi. Mwendo huo wa alasiri uliitwa tirikeza.

Mwenye punda na ashike haya:

1. Mzigo. Punda wa kilo 150 asichukuzwe zaidi ya kilo 50, yaani theluthi ya uzito wake. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80. Huo ni mzigo wa punda wawili.

2. Wakati. Aondoke alfajiri. Jua likiwa kali, tokea saa 5 hata saa 9, akae kivulini.

3. Mwendo. Aende kwa hatua yake mwenyewe. Fimbo haiongezi nguvu, huzimaliza upesi.

4. Kituo. Mzigo na tandiko vishushwe, maana kusimama na mzigo si kupumzika. Apewe maji, kisha mgongo utazamwe. Penye kidonda pasiwekwe tandiko.

5. Pumzi. Tazama ubavu, uhesabu. Punda mzima aliyetulia huvuta pumzi 12 hata 28 kwa dakika. Asipakiwe tena mpaka zishuke. Hata katika mashindano ya farasi ya mwendo mrefu, kipimo ni moyo: kwa kawaida farasi haruhusiwi kuendelea mpaka mapigo yake yashuke hadi 64 kwa dakika.

Punda jike huchukua mimba yapata miezi 12, na mtoto wake hangojewi chini ya miaka mitatu kabla ya kupakiwa mzigo. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa biashara ya ngozi, kwa kuwa walikuwa wakipungua. Basi, nyumba inayompoteza punda kwa mwendo wa siku moja haimrudishi upesi. Na siku zote hizo maji hurudi kichwani pa mama na watoto.