Je, Wajua? Stima Iliyomo Kwenye Mawimbi

Kutoka Majengo hapa Nyeri hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 600 za barabara, na wapo majirani zetu ambao hawajawahi kuionja chumvi ya bahari. Si hoja. Mambo yanayofanywa na mawimbi siku hizi yananoga hata yakisimuliwa kwenye baridi ya mlimani.

Alikotorokea nabii Yona, leo panatoka umeme

Biblia inasema Yona alipanda merikebu katika bandari ya Yafa akimkimbia Mungu. Tangu 2023, bandari hiyo hiyo inaingiza kwenye gridi ya taifa ya Israeli umeme uliozalishwa na mawimbi. Kampuni ya Eco Wave Power imefunga maboya 10 kwenye ukuta wa bandari. Wimbi likiinua boya, mkono wa chuma unasukuma pistoni, na pistoni inasukuma kiowevu ndani ya mabomba hadi nchi kavu. Huko shinikizo hujikusanya kwenye mitungi, kisha likaachiliwa kuzungusha jenereta. Ujanja uko hapo: mitambo ya bei ghali haigusi maji, na fundi huifikia bila kulowa. Dhoruba ikinukia tu, mikono inainuliwa na maboya yananing'inia hewani hadi bahari itulie.

Uwezo wa mtambo mzima ni kilowati 100. Kituo cha Mto Gura, hapa hapa Nyeri, kilichojengwa kwa ajili ya viwanda vya chai vya Chinga, Gathuthi, Gitugi na Iriaini, kina megawati 5.8, yaani mara 58 ya Yafa! Kwa sasa wa kuonewa wivu ni sisi.

Mwanzilishi wa Eco Wave Power alikaribia kufa akiwa na wiki mbili

Inna Braverman alizaliwa Ukraine mwaka 1986, na alikuwa kichanga wa wiki mbili kinu cha nyuklia cha Chernobyl kilipolipuka. Pumzi ilikatika, mama yake, ambaye alikuwa muuguzi, akampulizia hewa mdomoni hadi akarudi. Akiwa na miaka 24 tu alishirikiana na David Leb kuanzisha Eco Wave Power. Huwezi kumlaumu kwa kutafuta umeme usiolipuka.

Wazo hili ni la kale kuliko balbu

Mwaka 1799 mjini Paris, baba na mwanawe wa ukoo wa Girard walipewa hataza ya mtambo wa kutumia mawimbi kuendesha mashine kama vinu na misumeno. Balbu ya Edison ilikuja miaka 80 baadaye. Kisha Mjapani Yoshio Masuda akatengeneza maboya ya kuongozea meli yanayojiwashia taa kwa nguvu ya mawimbi, na kufikia 1965 yalikuwa yanauzwa.

Bata maarufu alianzia kwenye tangi la choo

Mwaka 1973 bei ya mafuta iliporuka, mhandisi Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alikuwa kitandani anaugua mafua. Mkewe akamwambia aache kujihurumia, atafute dawa ya shida ya nishati. Kitu cha kwanza kilichomjia akilini kilikuwa mfano wa lile boya la tangi la choo linalopanda na kushuka na maji. Akalichonga na kulirekebisha mpaka likawa na umbo la bata anayeitikia kwa kichwa, na kwenye bwawa la majaribio bata huyo alinasa karibu asilimia 90 ya nguvu ya wimbi. Baharini kwenyewe hakufika akiwa na ukubwa wake kamili: bei ya mafuta ilishuka na fedha za serikali zikakauka.

Nyoka wa chuma aliishi miezi miwili

Pelamis ni jina la nyoka wa baharini mwenye tumbo la njano, ambaye hupatikana hadi pwani yetu. Kampuni ya Scotland iliyojiita jina hilo iliunda mitambo ya kuelea yenye urefu wa zaidi ya mita 100, na mwaka 2008 mitatu ikazinduliwa mbele ya ufuo wa Ureno kwa shangwe kubwa. Baada ya miezi kama miwili ilivutwa bandarini ikiwa na hitilafu, haikurudi tena. Kampuni yenyewe ilifilisika 2014. Bahari ina nguvu ya kutosha kuwasha miji, na hiyo hiyo ndiyo inayovunja mitambo. Kwa hiyo ukisikia kwamba boya la kampuni ya CorPower ya Sweden lilihimili wimbi la mita 18.5 huko huko Ureno Novemba 2023, elewa kwa nini wahandisi walirukaruka.

Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800

Ndiyo maana kifaa kidogo cha mawimbi kinaweza kushindana na panga refu la mtambo wa upepo.

Wimbi la Diani huenda limetoka upande wa Antaktika

Mwaka 1963 mwanasayansi Walter Munk na wenzake walifuatilia mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini kabisa mwa dunia hadi Alaska, zaidi ya kilomita 10,000. Bahari ya Hindi nayo hupokea wageni wa aina hiyo, juu ya yale yanayosukumwa na upepo wa kusi. Kwa bahati mbaya ya wahandisi, na bahati njema ya waogeleaji, mwamba wa matumbawe huyavunja kabla hayajafika ufuoni.

Udongo wa kwetu umefungua mlango wa mawimbi

Maji ya Mto Chania unaopita hapa Nyeri huishia Mto Tana. Hupita mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yakizungusha mitambo njiani (Gitaru peke yake ina megawati 225), kisha yakamwagika Bahari ya Hindi pale Kipini. Matope na maji matamu ya Tana huyanyima matumbawe nafasi ya kukua, kwa hiyo kwenye Ghuba ya Ungwana mwamba umekatika na mawimbi hupita.

Mhandisi wa mtindo wa Yafa angefurahi, ila pale hakuna ukuta wa kufungia maboya. Gati la Bandari ya Lamu lililofunguliwa 2021 lina ukuta imara, lakini limekingwa na visiwa, kwa kuwa bandari hutafutiwa mahali pasipo mawimbi.