Je, Wajua? Bushi Ndogo Hubeba Nyumba Nzima

Je, wajua kwamba mwaka 1959 msafara wa nyumba 41 za magurudumu ulianzia Cape Town ukalikata bara la Afrika hadi Cairo? Zilikuwa karavani za Airstream, zile za alumini inayong'aa kama sufuria ya harusi, na aliyeziongoza alikuwa Mmarekani Wally Byam, mwanzilishi wa kampuni yenyewe. Zilipita Kenya, zikaingia Ethiopia ambako Mfalme Haile Selassie aliwapokea wasafiri wake Addis Ababa, na mwaka 1960 zikapigwa picha zikiwa zimepangwa mchangani, piramidi za Giza zikiwa nyuma yake.

Picha ni nzuri, ila hazionyeshi kilichokuwa kikiteseka chini ya sakafu. Nyumba ya kukokotwa ina jiko, vitanda, tangi la maji na kabati la sahani, na vyote hivyo vimekalia vyuma vichache ambavyo mwenye nyumba havioni mpaka siku ainame. Leo tuiname.

Kabla ya hapo, neno lenyewe. "Karavani" asili yake ni Kiajemi, karwan, yaani msafara wa wafanyabiashara na ngamia wao. Waingereza walilipokea likiwa na maana ya watu wengi njiani, likaishia kuwa kibanda kimoja chenye magurudumu. Mwaka 1885 daktari na mtunzi wa hadithi kutoka Uskoti, William Gordon Stables, alitengenezewa kibanda cha namna hiyo mjini Bristol kwa ajili ya matembezi tu. Alikiita The Wanderer, kikavutwa na farasi wawili hadi Inverness. Wengi humhesabu kuwa mtu wa kwanza kusafiri na nyumba kwa raha zake, bila kulazimishwa na biashara wala dhiki.

Leo nyumba nyingi za aina hii zinazouzwa Marekani hutoka eneo moja, Elkhart katika jimbo la Indiana. Ile iliyozoeleka ina ekseli mbili zilizokaribiana, na ekseli ya kawaida imepimwa kubeba pauni 3,500, yaani kilo 1,588 hivi. Mbili zikishirikiana unapata tani tatu na ushee. Fundi wa Kariakoo akiingia chini yake hatashangazwa na kitu: kila upande kuna springi mbili za majani, vile vyuma bapa vilivyolaliana, ndugu wadogo wa springi za Fuso. Mara nyingi hata shokapu hamna. Majani yenyewe yanaposuguana ndiyo yanayopunguza mdundo.

Kati ya springi ya mbele na ya nyuma kuna kipande cha chuma cha pembetatu kilichoshikwa na fremu kwa bolti moja katikati. Hapa tutakiita mizani, maana kazi yake ni hiyo. Gurudumu la mbele likipanda jiwe, ncha moja ya mizani huinuka na ya pili hushuka, mzigo ukagawanyika kwa ekseli zote mbili. Mtoto aliyewahi kucheza pembea ya ubao na mwenzake mnene ameshalielewa somo hili. Mizani na springi huunganishwa na vibapa vya chuma viwili viwili, vinavyoruhusu springi kurefuka inapolala na kurudi inaponyanyuka.

Hesabu bolti. Kwenye masikio ya fremu, yaani vile vyuma vinavyoshikilia springi na mizani, ziko tatu kila upande: ya mbele, ya katikati na ya nyuma. Kwenye vibapa ziko nne. Jumla saba, na kwa pande zote mbili 14. Nyumba ya tani tatu, pamoja na kitanda cha watu wazima na friji iliyojaa, inaning'inia kwenye bolti 14 ambazo kila moja ina unene wa milimita 14 hivi, kama kidole chako cha mwisho.

Hapo ndipo penye kioja. Ndani ya kila jicho la springi, yaani tundu la kwenye ncha yake, kuna bushi ambayo bolti inapita katikati yake, na kwenye matela mengi yanayotoka kiwandani bushi hiyo ni ya nailoni. Plastiki! Ukuta wake haufiki milimita tatu. Haina njia ya grisi, na haikukusudiwa kupakwa. Ikiwa mpya inateleza vizuri na haipigi kelele, lakini ikishapata joto, vumbi na maelfu kadhaa ya kilomita inasagika upande mmoja mpaka inatoboka. Bolti sasa inakutana na jicho la springi uso kwa uso, chuma kinakula chuma, na tundu lililokuwa duara linageuka yai. Springi hulaumiwa wakati haina kosa. Mtu ananunua springi mpya, anaweka bushi zile zile za plastiki, na msimu wa pili unamkuta palepale.

Ukitaka kujua kama bushi zako zimekwisha bila kufungua kitu, pima nafasi kati ya tairi la mbele na la nyuma, kwanza upande wa kushoto kisha wa kulia. Vipimo vikitofautiana sana, kuna ekseli imesogea. Tazama pia vibapa: vikilala kuelekea upande mmoja kama mlevi ukutani, au vikiwa vimekwaruza fremu, basi jibu unalo.

Dawa inayopendwa na wenye matela wanaojifanyia kazi nyumbani ni kuitoa plastiki na kuweka bushi ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, pamoja na bolti iliyotobolewa ndani. Kichwani mwa bolti hiyo kuna kichuchu cha grisi. Unapachika pampu, unasukuma, grisi inapita katikati ya bolti na kutokea ubavuni, ndani kabisa mwa bushi. Ni kazi ya siku moja kwa mtu mwenye jeki mbili, stendi imara, nyundo nzito na subira. Subira ndiyo huwa inapungua.

Je, wajua kwamba bolti hizi hazitakiwi kuzunguka hata kidogo? Chini ya kichwa zina meno madogo yanayong'ata sikio la fremu au kibapa. Bolti imetulia, bushi ndiyo inayocheza juu yake. Kwa hiyo mwenye haraka anayekamata kichwa cha bolti kwa mashine ya kufungulia nati anasaga meno yale na kulipanua tundu, na kuanzia siku hiyo bolti itazunguka na kulila sikio polepole. Shika kichwa kwa spana kisitembee, zungusha nati. Ya zamani nayo hutoka kwa kugongwa kutoka upande wa nati, si kwa kuzungushwa.

Na bolti yenye mzigo haitoki. Utaipiga mpaka jirani aje kuuliza. Siri ni kuweka jeki ndogo chini ya ekseli, karibu na springi, kisha kuinua kidogo, ukijaribu bolti kwa vidole. Unainua nusu sentimita, unajaribu. Unashusha kidogo, unajaribu tena. Inafika mahali uzito unaachia, na bolti iliyokuwa imegoma kwa nyundo inateleza kwa kidole gumba. Bushi ya plastiki inayotoka nayo mara nyingi haina tena umbo la bushi. Ni ganda jeusi, upande mmoja mzima, upande wa pili hakuna kitu. Fungua jicho moja, lifunge, ndipo uende kwa lingine. Ukifungua yote kwa pamoja ekseli itajitembelea, na kuirudisha kwenye mstari ni shughuli ya wanaume wawili na maneno yasiyoandikika gazetini.

Sasa kuhusu saa. Maelekezo ya kufunga bolti za grisi husema tundu lililo ubavuni mwa bolti litazame saa tatu au saa tisa, kwa kufuata mishale ya saa ya ukutani. Sababu yake ni nzuri: uzito wa nyumba unabana bushi na bolti kwa juu na chini, hivyo tundu likitazama huko linazibwa na chuma na grisi haipiti. Likitazama ubavuni, mahali pasipobanwa, grisi inaingia bila ugomvi. Msomaji wa Kiswahili anaweza kuingiwa na hofu, maana saa tatu ya Mzungu ni saa tisa yetu, na saa tisa yake ni saa tatu yetu. Tulia. Hii ni mara moja katika maisha ambapo hesabu zote mbili za saa zinakubaliana: tatu na tisa zimetazamana kwa ulalo, umsome huyu au yule.

Vibapa navyo vina yao. Vile vya kiwandani huwa na unene wa milimita 6 hivi, vya kubadilishia huwa milimita 13. Mtu anaweza kudhani unene huo ni kwa ajili ya kubeba uzito, lakini adui mkubwa zaidi ni kona. Tela la ekseli mbili likigeuzwa kwa nguvu, mathalani unaporudi nyuma kuingia kwenye uwanja mdogo, magurudumu hayazunguki tu, yanaburutwa kwa ubavu. Tazama tairi wakati huo: linajikunja chini ya rimu na kulalamika kwenye lami. Nguvu yote hiyo ya ubavuni inaishia kwenye vibapa, ambavyo vilitengenezwa kwenda mbele na nyuma tu. Vyembamba hupinda. Kwa maoni yangu, asiyeweza kununua vyote kwa mara moja aanze na bushi na bolti, vibapa vinene vifuate.

Je, wajua kwamba ekseli ya matela mengi ya namna hii haijanyooka, na haikusudiwi kunyooka? Hutengenezwa ikiwa imepinda kidogo kwenda juu katikati, upinde ambao jicho halioni kwa urahisi. Nyumba ikikaa juu yake na mizigo ikiingia, inalala na kuwa sawa, na magurudumu yanasimama wima. Ndiyo maana ni kosa kubwa kuweka jeki katikati ya bomba la ekseli na kuinua nyumba nzima: unaongeza upinde, na baada ya hapo matairi yatalika upande mmoja hata ukiweka bushi za dhahabu. Nyumba huinuliwa kwenye fremu, karibu na masikio ya springi, ikapumzishwa juu ya stendi. Ile miguu myembamba ya kwenye pembe za karavani si jeki. Kazi yake ni kuzuia nyumba isitikisike mtu anapogeuka kitandani. Usiingie chini ya nyumba iliyosimamia miguu hiyo, na usiingie chini ya iliyoshikwa na jeki peke yake.

Airstream wenyewe waliachana na springi za majani mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakahamia ekseli za mpira. Ndani ya bomba la mraba kuna nondo nyingine ya mraba iliyogeuzwa pembe, na katikati yake zimebanwa kamba nene za mpira. Gurudumu likipanda, nondo inajinyonga na mpira unaminywa. Hakuna bushi, hakuna grisi, hakuna kelele. Ubaya wake ni kwamba mpira ukizeeka hakuna cha kubadilisha ndani: ekseli nzima inatolewa. Nawapenda zaidi watu wa springi kwa sababu hiyo. Kinachochakaa kwao kinaingia mfukoni.

Na springi iliyovunjika nayo? Huko Marekani mara nyingi inakwenda kwenye chuma chakavu. Kwetu, jani la springi ya gari ni mali. Lina kaboni ya asilimia 0.6 hivi, kiasi cha kushika makali bila kuvunjika kama kioo, na wahunzi wa Kenya na Tanzania wamelifua miaka mingi kuwa visu, shoka na sime. Pita Kamukunji, Nairobi, asubuhi yoyote ya kazi, usikilize nyundo.

Mwisho ni neno kwa aliyeamua kujifanyia kazi hii mwenyewe, akavua magurudumu na kuyarudisha. Bushi mpya zimeingia, grisi safi imechungulia pembeni, nyumba imeshuka chini. Nati za magurudumu ulizozikaza leo zitalegea kidogo zinapojikalisha barabarani. Simama ukazikaze tena baada ya maili 10, kisha 25, kisha 50, yaani kilomita 16, 40 na 80, na spana ya kupimia nguvu iwe ndani ya gari, isibaki gereji.