Nyumba ya Makumbusho ya Kikosi huko Brecon

Neno makumbusho latokana na kukumbusha, yaani kumfanya mtu akumbuke. Basi mtu aingiapo katika nyumba iitwayo kwa jina hilo ana haki ya kuuliza: nani akumbushwaye humu, na nani aliyeachwa? Swali hili lafaa hasa katika makumbusho ya vikosi vya askari, ambayo ni mengi katika Uingereza. Mfano mmoja uko Brecon, mji mdogo wa Wales.

Kikosi cha 24 kiliundwa mwaka 1689, na tangu 1782 kikachukua jina la Warwickshire. Lakini katika miaka ya 1870 serikali iligawanya nchi kwa wilaya, kila wilaya ikapewa boma la kuandikia na kufundishia askari wake. Boma la kikosi hiki likawa Brecon, na mwaka 1881 kikaitwa South Wales Borderers. Maboma hayo ndiyo mama wa makumbusho. Nishani za marehemu, ngoma, vyombo vya fedha vya mezani mwa maafisa, silaha zilizotekwa, vyote vilirudi bomani, hata ikawa lazima apatikane mtu wa kuvitunza.

Kitu kilichokitukuza na kukiliza kikosi hiki ni vita vya Wazulu vya mwaka 1879. Tarehe 22 Januari, huko Isandlwana, walikufa watu zaidi ya 1,300 wa upande wa Waingereza. Luteni Melvill alikimbia na bendera ya Malkia ya batalioni ya kwanza ili isitekwe, ikamponyoka mtoni, naye akauawa ng’ambo pamoja na Luteni Coghill. Bendera iliopolewa tarehe 4 Februari, na mwaka 1880 Malkia Victoria akaitundikia shada la maua kwa mkono wake. Baadaye iliwekwa katika Kanisa Kuu la Brecon, wala si katika makumbusho. Maana kwa desturi ya Waingereza bendera ya kikosi ikizeeka hupelekwa kanisani, ioze huko kwa heshima.

Siku ile ile vita vilifika Rorke’s Drift, kituo cha misioni ya Waswidi. Nyumba ya mmisionari ilikuwa imefanywa hospitali, na kanisa ghala. Wazulu hupaita KwaJimu, kwa jina la Jim Rorke aliyekaa hapo kwanza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani wa kumweleza hiyo kwa. Walinzi wake walipewa Victoria Cross 11, na 7 kati ya hizo ni za kikosi cha 24.

Lakini Wazulu nao walikuwa na vikosi. Ibutho lao lilikuwa la watu wa rika moja, si la wilaya moja, nalo lilikuwa na jina la fahari: iNgobamakhosi, yaani wapindao wafalme. Tena, kati ya waliokufa Isandlwana upande wa Waingereza, Waafrika walikuwa zaidi ya 400, na wengi wao hawakuandikwa kwa majina. Nishani huhifadhiwa pamoja na jina la mwenyewe. Asiye na jina wala nishani atawekwa katika sanduku gani la kioo? Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi ya mtunzaji ilipo ngumu kuliko kupiga vita nondo.

Ingawa nondo nao si haba. Nguo nyekundu hupauka kwa mwanga, ngozi hukauka, chuma hushika kutu. Gharama ni nyingi. Makumbusho ya namna hii kwa kawaida huwa mikononi mwa wadhamini. Wizara ya Ulinzi husaidia baadhi yao, na fedha nyingine hutoka kwa viingilio na michango. Mwaka 1954 Kanali Ogilby alianzisha amana ya kuyasaidia yote. Msaada ulihitajika, kwa kuwa vikosi vyenyewe huunganishwa na kufutwa: kile cha Brecon kilitiwa katika kikosi kipya mwaka 1969, na hicho tena katika Royal Welsh mwaka 2006. Askari wakabadili majina, vitu vikabaki Brecon, na watu huandika barua kuuliza habari za babu zao.