UPEPO MDOGO ZIWANI: USIFUNGE KAMBA YA TANGA

Wengi wetu tunaokaa kando ya Ziwa Victoria tunaogopa upepo mkali. Hiyo ni haki yetu. Mawimbi yakisimama kama nyumba, nani atatoa mtumbwi? Lakini leo tutazungumza juu ya upepo mdogo, ule unaovuma kidogo, unakatika, halafu unarudi upande mwingine. Upepo huo watu hawauogopi. Na kwa sababu hawauogopi, unawapata.

Tuanze na safari moja tuliyosafiri sisi wenyewe. Tulikuwa tunapeleka vitabu vya kisomo katika kisiwa kimoja cha Ukerewe. Siku hizi mashua nyingi zina injini, lakini petroli ni ghali, na mwenye mashua yetu alitumia tanga. Tulitoka asubuhi. Tulipofika katikati ya mkondo upepo ukakatika kabisa. Tanga likaning'inia kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Jua likatuchoma. Nahodha, mzee wa makamo, alikaa kimya ameshika kamba ya tanga mkononi.

Kijana mmoja akamwambia, "Mzee, si uifunge hiyo kamba upumzike? Upepo wenyewe haupo."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, upepo ulipoondoka hukuusikia ukiaga. Na ukirudi hautabisha hodi."

Kijana akacheka. Na sisi, tuseme kweli, tulicheka pamoja naye. Haikupita nusu saa, upepo ukaja kwa nguvu kutoka nyuma ya kilima. Mashua ikalala ubavu, maji yakaingia. Mzee akaiachia kamba mara moja. Tanga likapigapiga hewani kama bendera, mashua ikanyanyuka. Vitabu vililowa, lakini watu wote tisa tulifika. Kama kamba ile ingekuwa imefungwa, makala hii isingeandikwa.

Kwa nini upepo ule ulikatika? Kwa nini ulirudi kwa ghafla? Na mtu afanye nini? Tutaeleza jambo moja moja.

UPEPO WA ZIWA UNATOKA WAPI?

Mchana jua linapiga nchi kavu na ziwa pamoja. Nchi kavu hupata joto upesi, maji hupata joto polepole. Kanyaga mchanga saa 8 mchana, kisha uingie majini, utaona tofauti. Hewa iliyo juu ya nchi kavu hupata joto, huwa nyepesi na kupanda juu. Hewa ya ziwani, ambayo ni ya baridi zaidi, huja kujaza nafasi yake. Ndiyo maana mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu.

Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto lake. Basi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Wavuvi wanaujua upepo huu, maana jioni na usiku unawasukuma kwenda kwenye uvuvi, na mchana ule mwingine unawarudisha nyumbani.

Sasa fikiri: kati ya upepo wa usiku na upepo wa mchana lazima uwepo wakati wa kubadilishana. Mmoja umechoka, mwingine haujaanza. Wakati huo ziwa huwa shwari, au upepo huja kidogo kidogo kutoka pande mbalimbali. Mara nyingi huwa asubuhi jua likishapanda, na tena jioni karibu na magharibi. Siku zote si sawa. Mwezi wa Juni hadi Agosti upepo wa kusi nao huvuma, na unaweza kuuzidi upepo wa ziwa au kuuongezea nguvu.

Vilima na visiwa navyo huchanganya upepo. Nyuma ya kilima cha mawe kuna kivuli cha upepo, kama vile nyuma ya mti kuna kivuli cha jua. Ukiwa ndani ya kivuli hicho unadhani upepo umekwisha. Ukitoka tu, unakupiga. Hivyo ndivyo ilivyotupata sisi.

TANGA LINAVYOFANYA KAZI

Watu wengi hudhani tanga husukumwa tu kutoka nyuma. Siyo hivyo tu. Upepo ukija kwa ubavu, tanga hujipinda kama bawa la ndege. Hewa inayopita upande wa mgongo wa tanga huenda upesi zaidi, na tanga huvutwa upande huo. Chombo kingependa kwenda kwa ubavu, lakini mkuku na ubavu wake ndani ya maji hukizuia. Basi hutafuta njia rahisi, yaani kwenda mbele.

Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Nahodha hulazimika kubisha, yaani kwenda mshazari upande huu, kisha mshazari upande ule, kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kupindapinda. Mtumbwi usio na mkuku hauwezi kubisha vizuri, maana huteleza ubavu. Wenye mitumbwi ya namna hiyo wasikubali kupelekwa mbali na upepo, wakitumaini kurudi kwa tanga.

Sasa tazama hesabu hii. Upepo ukiongeza mwendo mara 2, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara 4, siyo mara 2. Upepo wa kilomita 10 kwa saa ukiwa kilomita 20, nguvu ni mara 4. Ukiwa kilomita 40, nguvu ni mara 16. Kwa hiyo mtu aliyetweka tanga kubwa kwa sababu upepo ni mdogo, kisha akafunga kamba, ameweka mtego. Upepo ukirudi kwa nguvu, yeye ndiye atakayenaswa.

KUSAFIRI KATIKA UPEPO MDOGO

Upepo mdogo unataka upole. Mambo yenyewe ni haya:

1. Legeza kamba kidogo, tanga lipate tumbo. Tanga lililovutwa sana huua upepo mdogo.

2. Kaeni kimya. Kila mtu akisimama na kukaa, mashua huyumba na tanga humwaga upepo wake.

3. Msijazane nyuma. Sogeza uzito mbele kidogo ili sehemu ya nyuma isiburute maji. Upepo ukiwa hafifu sana, watu wachache wakae upande lilipo tanga. Mashua ikiinama kidogo, tanga huning'inia vizuri na kushika upepo. Lakini wawe tayari kurudi upande wa pili mara moja.

4. Kumba maji yaliyomo ndani. Maji ni mzigo usiolipa nauli.

5. Soma maji. Palipo laini na kung'aa hakuna upepo. Palipo na viwimbi vidogo na weusi, upepo upo. Kiraka cheusi kikija kwenu upesi, upepo mkali unakuja. Tazama pia moshi wa majiko ufukweni: unaelekea wapi? Umegeuka?

6. Makasia yawe ndani siku zote. Tanga bila kasia ni nusu ya chombo.

7. Kamba ya tanga ishikwe mkononi. Ukichoka, mpe mwenzako. Usiifunge.

SOMO KUTOKA KATIKA MCHEZO

Wasomaji wengine wamewahi kuona, labda katika picha, mtu amesimama juu ya ubao majini ameshika tanga kwa mikono yake. Huo ni mchezo. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliomba hati ya ubunifu wa chombo hicho mwaka 1968 na kuipata mwaka 1970. Mwaka 1984 mchezo huo uliingia katika Olimpiki iliyofanyika Los Angeles.

Kwa nini tunautaja? Kwa sababu ubao huo hauna usukani, na tanga lake haliongozwi kwa kamba. Mchezaji hulishika kwa mikono. Upepo ukimzidi, hulegeza mikono, na tanga hulala majini. Chombo chenyewe kimetengenezwa kwa kanuni ile ile ya mzee wetu: tanga liwe rahisi kuachia.

Tena kuna jambo la pili. Mchezaji akiinamisha tanga mbele, ubao hugeuka kuukimbia upepo. Akiinamisha nyuma, ubao hugeuka kuuelekea. Hiyo ndiyo njia yake ya kuongoza. Nahodha ambaye usukani wake umevunjika anaweza kukumbuka jambo hili: tanga nalo linaongoza chombo. Pia kasia likishikwa nyuma linaweza kuwa usukani.

Wachezaji wa maziwa ya bara husema upepo mdogo na usiotabirika ndio mgumu kuliko yote, maana unamlaza mtu usingizi kisha unamwangusha. Lakini wao wakianguka hupanda tena ubao wao na kuendelea. Sisi tuna watoto, magunia na mama zetu ndani ya mashua.

WINGU JEUSI NA RADI

Ziwa Victoria ni kubwa sana, karibu kilomita za mraba 68,800. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote na kukutana ziwani. Hewa hiyo haina pa kwenda ila juu. Hupanda ikiwa na unyevu wa maji yaliyo bado na joto, hufanya mawingu makubwa, na mvua ya radi hunyesha. Ndiyo maana dhoruba nyingi za ziwani huja usiku na alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wamo kazini na taa zao.

Kabla ya mvua hiyo, mara nyingi huwa shwari. Kisha hewa ya baridi hushuka kutoka katika wingu na kutawanyika juu ya maji kwa nguvu. Ukisikia baridi ya ghafla usoni wakati wingu jeusi limesimama, usingoje. Tua tanga kabisa.

Unaweza kupima radi kwa kuhesabu. Ukiona umeme, anza: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilomita 1 hivi. Ukihesabu 15, radi iko kilomita 5. Ukihesabu 30 au chini ya hapo, yaani kilomita 10, umeshachelewa kuwa majini. Elekea ufuko ulio karibu, hata kama siyo mwalo wako.

Tena kabla ya kutoka, sikilizeni taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio, au aliye na simu aitazame na kuwaambia wenzake. Iandikeni kwa chaki kwenye ubao pale mwaloni. Mliojifunza kusoma na kuandika, hiyo ni kazi yenu. Kisomo kisichomfikia jirani kina faida gani?

CHOMBO KIKIPINDUKA

Msikiache. Mtumbwi wa mbao huelea hata ukijaa maji, na mtu akishika mtumbwi huonekana kwa mbali kuliko kichwa kimoja kinachoogelea. Wako waliokufa wakijaribu kuogelea kwenda nchi kavu iliyoonekana karibu. Macho hudanganya juu ya maji.

Jaketi la kuokolea livaliwe tangu mwaloni. Likiwekwa chini ya magunia halimwokoi mtu. Asiye nalo atafute madumu matupu yenye vifuniko vya kukaza, ayafunge kwa kamba ndani ya chombo. Hayatoshi kama jaketi, lakini ni afadhali kuliko mikono mitupu.

Ndugu wasomaji, mzee yule hakusoma kitabu cha upepo. Alijifunza kwa miaka mingi, na pengine kwa kupoteza watu. Sisi tunaweza kujifunza kwa bei nafuu zaidi. Tulipofika kisiwani tulianika vitabu juani, na kijana aliyecheka ndiye aliyetusaidia kuvigeuza. Wakati wa kurudi aliomba kushika kamba. Mzee akampa, akasema, "Ishike tu. Usiifunge."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini upepo wa mchana hutoka ziwani, na wa usiku hutoka nchi kavu?
2. Upepo ukiongeza mwendo mara 3, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara ngapi?
3. Umeona umeme, ukahesabu sekunde 12 kabla ya ngurumo. Radi iko umbali gani? Utafanya nini?
4. Katika mwalo wenu, ni mashua ngapi hutoka bila majaketi ya kutosha watu wote? Mtafanya nini pamoja?