Sedani kubwa ya kukodi: Raha kwa dereva, mzigo kwa mwenye gari

Mfanyabiashara wa Afrika Mashariki aliyetua Detroit kati ya mwaka 2014 na 2020, akaomba gari la daraja kubwa kwenye kaunta ya magari ya kukodi, alikuwa na uwezekano mzuri wa kukabidhiwa ufunguo wa Chevrolet Impala. Alipata gari pana, tulivu na lenye nguvu kwa kodi isiyopishana sana na ya gari la wastani. Aliporudisha ufunguo alikuwa ameridhika.

Aliyelimiliki gari hilo hakuwa na furaha kiasi hicho. Impala ya mwisho ilitoka katika kiwanda cha General Motors cha Detroit-Hamtramck tarehe 27 Februari 2020. Jina hilo lilikuwa sokoni tangu mwaka 1958, ingawa si mfululizo, na mwaka 1965 Chevrolet ilitangaza kuuza magari makubwa ya jamii hiyo zaidi ya milioni 1 nchini Marekani. Kwa nini gari zuri likose soko? Sehemu ya jibu iko katika biashara ya kukodisha, na linamhusu kila mwenye mtaji mdogo anayefikiria kununua chombo ili akipangishe.

Nyuma ya usukani

Katika mitaa ya Dar es Salaam sedani huitwa gari dogo. Impala halistahili jina hilo. Lina urefu wa zaidi ya mita 5.1, na buti lake lina nafasi ya lita 530 hivi. Masanduku manne makubwa ya msafiri aliyetoka kununua bidhaa huingia bila kulazimishwa. Abiria wa nyuma hukunjua miguu hata kama aliye mbele ni mrefu.

Injini iliyopatikana katika mengi ya magari hayo ni ya silinda 6 za V, ujazo wa lita 3.6, yenye nguvu za farasi 305. Gia ni za otomatiki, hatua 6, na magurudumu yanayovuta ni ya mbele. Dereva akikanyaga mafuta kuingia barabara kuu, gari hufika maili 60 kwa saa (kilomita 97) katika sekunde chini ya 7. Hilo ni jambo la maana pale malori yanapopita kwa kasi na njia ya kuingilia ni fupi. Hata hivyo, akikanyaga kwa nguvu huku amekata kona, usukani huvutwa kidogo mkononi, kwa kuwa nguvu zote zinapitia mbele.

Springi ni laini. Viraka na maungio ya zege, ambayo ni mengi katika barabara za Michigan baada ya majira ya baridi, husikika kwa mbali tu. Usukani ni mwepesi, unafaa maegesho, lakini haumwelezi dereva mengi kuhusu hali ya tairi. Breki zinatosha. Kasoro kubwa ni kuona nyuma: buti limeinuka na nguzo za kioo cha nyuma ni nene, hivyo kurudi nyuma kwenye maegesho yenye msongamano kunahitaji kamera au msaidizi.

Aliyezoea Toyota Mark II au Corolla yenye usukani wa kulia ana somo jingine. Katika magari hayo ya Kijapani, indiketa hushikwa kwa mkono wa kulia na wipa kwa mkono wa kushoto. Kwenye Impala ni kinyume. Siku ya kwanza dereva anataka kukata kona, wipa zinafuta kioo kikavu, na walio nyuma hawajui anakwenda wapi. Dakika kumi za kuzoea ndani ya eneo la maegesho ni bora kuliko kujifunzia barabarani. Pia ajue kwamba katika sehemu nyingi za Marekani inaruhusiwa kukata kulia kwenye taa nyekundu baada ya kusimama kabisa, ila si ndani ya Jiji la New York mpaka kuwe na kibao kinachoruhusu.

Njia ya kwenda Chicago

Kutoka uwanja wa ndege wa Detroit, barabara kuu namba 94 inakwenda hadi Chicago, mwendo wa takriban kilomita 450. Hapo ndipo gari la aina hii huonyesha thamani yake. Kwa kasi ya maili 70 kwa saa injini huzunguka polepole, na abiria huzungumza bila kupaza sauti. Vipimo rasmi vya Marekani viliipa Impala ya silinda 6 maili 28 kwa galoni katika barabara kuu na maili 18 mjini. Kwa vipimo vyetu ni lita 8.4 kwa kilomita 100 safarini, na lita 13 katika foleni za mjini. Safari nzima ya Chicago hula lita 38 hivi, kiasi kinachozidi kidogo nusu ya tangi la lita 70.

Njia hiyo hupita katika historia ya biashara yenyewe. Karibu na mwanzo wa safari uko uwanja wa Willow Run, ambako Warren Avis alianza kukodisha magari mwaka 1946, akiwa miongoni mwa wa kwanza kuweka biashara hiyo uwanjani badala ya katikati ya mji. Mbele zaidi ni Kalamazoo, ambako kampuni ya Checker iliunda teksi zilizojulikana Marekani nzima. Wanunuzi wake wakubwa walikuwa wenye teksi. Walipogeukia magari ya kawaida ya viwanda vikubwa, Checker haikuwa na soko jingine la kuitegemeza, ikaacha kuunda magari mwaka 1982.

Mwisho wa safari ni Chicago. Humo Walter Jacobs alianza mwaka 1918 kukodisha magari 12 ya Ford Model T. Mwaka 1923 biashara hiyo ilinunuliwa na John Hertz, ambaye tayari alikuwa na kampuni ya teksi, naye akaipa jina lake.

Bili ya kaunta

Msafiri asitazame bei ya siku peke yake. Juu yake huja kodi za jimbo na za jiji, ada ya uwanja wa ndege, malipo ya dereva wa pili, nyongeza kwa dereva aliye chini ya miaka 25, na mafuta yasiyorudishwa. Kubwa kuliko yote ni bima. Mkazi wa Marekani mara nyingi hukingwa na bima ya gari lake la nyumbani au kadi yake ya benki. Mgeni hana kinga hiyo, na akikataa bima ya kaunta anaweza kubeba gharama ya gari zima pamoja na madai ya watu wengine. Kampuni pia huzuia amana kwenye kadi ya mkopo, na fedha hizo hazipatikani kwa matumizi hadi gari lirudi. Mfanyabiashara anayetegemea kadi hiyohiyo kulipia bidhaa apange mapema.

Hesabu ya uchakavu

Kwa upande wa mwenye gari, bili hiyo siyo mwisho wa hesabu. Gharama kubwa ya kampuni ya kukodisha si mafuta wala kuosha gari. Ni uchakavu, yaani tofauti ya bei ya kununua na bei ya kuuza.

Chukua mfano wa hesabu. Gari limenunuliwa kwa dola 24,000 na kuuzwa baada ya miezi 12 kwa dola 16,000. Uchakavu ni dola 8,000, yaani dola 667 kila mwezi, lipangishwe au lisipangishwe. Sasa bei ya mnada ishuke hadi dola 14,000. Uchakavu unapanda hadi dola 833 kwa mwezi. Kwa kampuni yenye magari 10,000 tofauti hiyo ni dola milioni 20 kwa mwaka. Hakuna hata mteja mmoja aliyepungua, lakini faida imeondoka.

Ndiyo maana kampuni hizo hununua kwa njia mbili. Ya kwanza ni gari linalokuja na ahadi ya kiwanda kulinunua tena kwa bei iliyopangwa. Hapo hasara ya soko inabaki kwa kiwanda. Ya pili ni gari lisilo na ahadi, linalonunuliwa kwa bei nafuu zaidi, lakini mnunuzi hubeba hatari ya mnada mwenyewe. Mwenye hisa katika kampuni ya kukodisha anapaswa kujua ni magari mangapi yako katika kundi la pili.

Mteja mmoja mkubwa

Impala lilikuwa gari la wateja wa jumla kwa miaka mingi: kampuni za kukodisha, ofisi za serikali, polisi na makampuni. Kwa kiwanda, mteja wa jumla ni faraja. Ananunua maelfu kwa saini moja, na mitambo haisimami. Lakini magari yaleyale hurudi mnadani baada ya mwaka mmoja au miwili, mengi kwa wakati mmoja na ya rangi zilezile. Bei ya mtumba inashuka. Mnunuzi wa kawaida akiona gari la mwaka jana linauzwa kwa bei ya chini sana, haoni sababu ya kununua jipya. Kiwanda kinapunguza bei ya jipya, na bei ya mtumba inashuka tena.

General Motors waliliona tatizo hilo. Walipoleta Impala jipya la mwaka 2014, waliliacha toleo la zamani liendelee kuundwa kwa jina la Impala Limited, likiuzwa kwa wateja wa jumla tu hadi mwaka 2016, ili jipya lijenge heshima kwa wanunuzi wa rejareja. Ubora haukukosekana: mwaka 2013 jarida la Consumer Reports lililipa jipya alama 95 kati ya 100. Lakini wakati huo Wamarekani walikuwa wanahamia magari marefu ya familia, na jina la Impala lilikwishazoeleka kama gari la kukodi. Ford ilisimamisha Taurus mwaka 2019, Impala likafuata mwaka 2020, na Chrysler 300 mwaka 2023.

Somo kwa wenye hisa

Mwaka 2020 ulionyesha hatari hiyo waziwazi. Safari za ndege zilipokoma kwa sababu ya Uviko-19, Hertz ilikosa wapangaji huku bei za minada zikiporomoka. Magari yake yalikuwa ndiyo dhamana ya mikopo. Thamani yake iliposhuka, wadai walitakiwa kulipwa zaidi. Tarehe 22 Mei 2020 kampuni hiyo, yenye deni la takriban dola bilioni 19, iliomba kinga ya mahakama.

Hisa zake zilishuka chini ya dola 1, kisha wawekezaji wadogo wakazikimbilia hadi zikapita dola 5 mwezi Juni. Kampuni ikajaribu kuuza hisa mpya za hadi dola milioni 500 huku ikionya kwamba huenda zisiwe na thamani yoyote. Mpango huo ulisitishwa baada ya msimamizi wa masoko ya mitaji kuhoji. Mwaka 2021 magari mapya yakaadimika kwa uhaba wa vipuri vya elektroniki, bei za mitumba zikapaa, na wenye hisa wa zamani wakapata malipo, jambo ambalo si la kawaida katika ufilisi. Waliookoka hawakuokolewa na ustadi wa kukodisha bali na bei ya mtumba.

Bei hiyohiyo iliwageuka tena. Hertz ilinunua magari ya umeme kwa wingi kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021. Bei za magari hayo ziliposhuka, Januari 2024 ilitangaza kuuza 20,000 kati yake na kuandika uchakavu wa ziada wa dola milioni 245. Mwaka huo wa 2024 ulifungwa kwa hasara ya takriban dola bilioni 2.9.

Kwa msomaji wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, kununua Impala la mnadani na kulileta nyumbani si biashara. Tanzania, Kenya na Uganda zinaendesha upande wa kushoto wa barabara, na Kenya hairuhusu gari la kawaida lenye usukani wa kushoto kuingizwa. Kinachofaa kuletwa ni ile hesabu.

Mwenye magari matatu ya harusi, ya watalii au ya teksi huandika daftarini mapato ya siku, mafuta, matengenezo na mshahara wa dereva. Mara nyingi haandiki uchakavu, na siku ya kuuza gari anashangaa fedha za kununua jingine zimekwenda wapi. Kabla ya kununua la nne, aulize sokoni bei ya gari kama lake lenye umri wa miaka mitatu, aitoe katika bei ya kununulia, agawe kwa miezi 36, kisha atenge kiasi hicho kila mwezi. Kodi anayotoza ikishindwa kulipa kiasi hicho pamoja na gharama nyingine, basi hana faida. Anakula mtaji wake polepole, na wateja wake wanafurahia safari.