Degedege na saa zinazopotea nyumbani

Mvua zinaponyesha mkoani Simiyu na mashamba ya pamba yakaanza kupaliliwa, mbu huzaliana katika madimbwi, na homa za watoto huongezeka pamoja nao. Mzazi wa Bariadi, Itilima au Meatu hahitaji kufundishwa homa ni nini. Linalomtia hofu ni lile linalozuka ghafla usiku: mtoto anakakamaa, macho yanageuka juu, viungo vinatikisika, povu linamtoka kinywani. Hilo ndilo degedege, na wengi hulihusisha jina lake na ndege au pepo apitaye juu ya nyumba.

Kitabibu, degedege ni dalili, si ugonjwa mmoja. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano huweza kuletwa na homa kali ya maradhi yoyote, yakiwemo ya uti wa mgongo. Hata hivyo, katika nchi yetu la kwanza kushukiwa ni malaria kali, pale vimelea vinapoathiri ubongo au sukari ya damu inaposhuka mno. Mtoto wa namna hiyo aweza kufariki kabla jua halijazama.

Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa Bagamoyo juu ya jambo hili. Akina mama walilitambua degedege vyema, lakini wengi walianzia kwenye tiba za jadi, ukiwemo moshi wa kinyesi cha tembo, tena waliiogopa sindano kwa kuamini kwamba humuua mwenye degedege. Imani hiyo ina chanzo kinachoeleweka. Mtoto aliyefikishwa hospitali saa za mwisho huchomwa sindano. Akifariki, lawama huiangukia sindano, si zile saa zilizopotea nyumbani. Ilhali leo sindano ya atesuneti ndiyo tiba inayotangulizwa kwa malaria kali.

Kwetu Waislamu lipo suala la kisomo. Kumsomea mtoto ni jambo jema, na aya husomeka hata juu ya bodaboda. Kosa ni mtoto kulazwa mkekani akimsubiri sheikh atoke kijiji cha pili, ilhali Mtume (S.A.W.) mwenyewe aliwahimiza watu kutafuta dawa. Lipo pia lisilosemwa sana, nalo ni kombe. Mtoto aliyepoteza fahamu hawezi kumeza. Maji yoyote, yawe ya kombe, ya dawa au ya uji, huweza kumwingia mapafuni. Asipewe kitu kinywani mpaka azinduke.

Anapotikisika, mlaze kwa ubavu mahali laini na umlegeze nguo za shingoni. Usimtie kijiko baina ya meno, usimbane kwa nguvu, usimmwagie maji baridi. Degedege likitulia, safari ya kwenda zahanati iendelee vilevile, kwani kutulia si kupona.

Lililo bora zaidi ni kutofika huko. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Tone la damu ya kidoleni hutoa jibu kwa muda usiozidi nusu saa. Panadoli hushusha homa, haiui vimelea. Dawa mseto ni dozi sita kwa siku tatu, na hapa ndipo kaya nyingi hukosea: mtoto akianza kucheza siku ya pili, vidonge vilivyobaki huwekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake. Asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayesinzia asiamshike, au anayehema haraka na viganja vimekuwa vyeupe, huyo hangojewi apambaukiwe, hata kama hajashikwa na degedege.

Anayempeleka mtoto amweleze mhudumu homa ilianza lini, degedege lilidumu kwa muda gani, na dawa zote alizokwisha kupewa. Za mitishamba nazo zitajwe, bila kuona haya.